Kigoda cha Kando ya Tanuri

KORKOR: Haloo? Ni nani mwenzangu? Namba hii siijui.

LAMILEY: Namba huijui, na sauti nayo huijui? Baridi ya huko mlimani imekuziba masikio.

KORKOR: Dada Lamiley? Jamani. Shikamoo dada.

LAMILEY: Marahaba. Laini yangu ya zamani imekufa, nimepata nyingine. Unanisikia vizuri?

KORKOR: Nakusikia kwa mbali. Huku Aburi ukungu ukishuka mtandao nao una— (mkwaruzo) —wote. Haloo?

LAMILEY: Nipo.

KORKOR: Ngoja nisogee barazani. (kimya) Haya, sema. Habari za Teshie? Mama hajambo?

LAMILEY: Mama yuko ufukweni anagombania samaki. Msimu umefunguka, Korkor. Mitumbwi inaingia imelala kwa uzito. Tanuri zote za uani zinawaka, hata ile ya Bibi iliyokuwa imepasuka tumeikandika udongo tukaiwasha. Mikono ndiyo haitoshi.

KORKOR: Poleni na kazi.

LAMILEY: Hatujapoa. Tumbo je?

KORKOR: Linasogea. Jana amenipiga teke nikamwaga chai.

LAMILEY: Chai ya maziwa?

KORKOR: Ya maziwa, ndiyo. Si unamjua Mama mdogo Tsotsoo na taratibu zake. Asubuhi chai, baadaye papai, mchana ananipikia—

LAMILEY: Anakupikia nini? Endelea tu, mimi nimekaa.

KORKOR: Si umeniuliza wewe?

LAMILEY: Nimeuliza tumbo. Mambo ya papai umeyaleta mwenyewe.

KORKOR: Dada.

LAMILEY: Na anapikia nini huko? Kuni?

KORKOR: Gesi.

LAMILEY: Gesi. Unawasha, inatoka bluu.

KORKOR: Ya bluu.

LAMILEY: Hata sufuria haishiki masizi.

KORKOR: Nyeupe, unajiona uso. Dada, umepiga tuzungumze sufuria?

LAMILEY: Hapana. Nimekaa nikawaza tu. Nikasema, hivi kuna watu wanazaliwa na nyota yao imewaka tayari. Wengine tunazaliwa kuja kuwashia wenzetu moto.

KORKOR: Mimi sikuomba kuletwa huku. Mama alinijia na begi limeshafungwa. Nilikuwa hata sijamaliza kumwambia kwamba nimekosa siku zangu, nikakuta begi mlangoni.

LAMILEY: Najua. Mimi ndiye niliyetumwa kulifunga.

KORKOR: Sikujua hilo.

LAMILEY: Ungejuaje. Ulikuwa chumbani unatapika. Mama akaniambia nikunje kanga zako vizuri, na ile yangu ya maua ya njano nikuongezee, kwa sababu mlimani kuna baridi. Nikaongeza.

KORKOR: Nimeivaa hapa. Nitakurudishia.

LAMILEY: Ivae tu. Mimi ningeivaa wapi? Inanuka samaki kabla sijaifunga kiunoni. Sikiliza, nilichopigia ni hiki. Sikukuu ya Homowo ni wiki ijayo.

KORKOR: Najua.

LAMILEY: Watu wote watakuwa nyumbani. Wa Tema, wa Kumasi, hata wale waliokwenda Lagos. Kpokpoi ya unga wa mahindi itapikwa ukoo mzima, na mchuzi wa mawese. Wazee wakinyunyiza chakula mlangoni watauliza, Korkor yuko wapi? Tuseme nini? Amekwenda kupumua?

KORKOR: Semeni hivyo. Ndicho alichosema yule nesi kuhusu moshi.

LAMILEY: Nesi, nesi. Sisi sote tumezaliwa uani pale pale, moshi juu, moshi chini, na mbona tunatembea?

KORKOR: Sote?

LAMILEY: Ndiyo, so—

KORKOR: Kati yako wewe na mimi, dada, Mama alibeba mara ngapi?

LAMILEY: (kimya)

KORKOR: Nauliza tu.

LAMILEY: Wale hawakufika siku ya nane. Hawakutolewa nje. Mtoto ambaye hakutolewa nje alfajiri akalazwa chini na kupewa jina, hatumhesabu. Wewe unajua.

KORKOR: Najua hatuwahesabu. Ila walikuwepo. Na Mama kipindi chote kile alikuwa anakausha samaki.

LAMILEY: Umepata maneno huko mlimani.

KORKOR: Nesi si alikwambia wewe, siyo mimi? Mimi nimeyapata kwa Mama, naye aliyapata akiwa amesimama nyuma yako.

LAMILEY: Hicho ndicho kinachonikaba, Korkor. Umekigusa mwenyewe. Mnajua nyote. Ila mmejifunzia wapi? Kwenye kifua cha mwanangu. Dede ndiye aliyekuwa shule yenu. Wewe unakunywa chai ya maziwa kwa sababu Dede hawezi kukimbia kutoka mlangoni mpaka kisimani bila kuchuchumaa.

KORKOR: Dada, mimi—

LAMILEY: Usiseme. Wewe hukuwepo siku ile, uliambiwa tu. Ulikuwa msimu wa vumbi la kaskazini, Dede midomo imekuwa rangi ya majivu, tunakimbia naye mimi na Mama. Wakampa hewa ya mtungi. Akatulia. Ndipo nesi akavuta kiti akaniuliza, ulipokuwa na mimba yake ulikuwa unafanya kazi gani? Unajua nilimjibuje?

KORKOR: Mama hakuniambia.

LAMILEY: Nilimjibu kwa maringo. Nikamwambia mimi sikufanya kazi yoyote nzito. Wenzangu walibeba makarai kutoka ufukweni, mimi mama yangu alinihurumia, alinikalisha kwenye kigoda. Nesi akaniuliza, alikukalisha wapi?

KORKOR: Ukasemaje?

LAMILEY: Nikasema, kando ya tanuri. Nigeuze trei. Nisogeze makapi ya miwa moto usilale, samaki wapate rangi. Nesi akaacha kuandika. Akaniambia taratibu, wala hakunigombeza. Akasema moshi haukai kifuani mwa mama peke yake. Unaingia kwenye damu, unafika mpaka kwenye kondo, na mtoto pale ndipo anapoumbwa. Mapafu yanachipua kama mti, matawi na vitawi. Moshi ukikaa siku nyingi, vitawi vingine havitoki. Akizaliwa anatoka na mti mdogo. Akasema si mapafu tu, na moyo watautazama, na figo. Nikageuka kumtazama Mama.

KORKOR: Akasemaje?

LAMILEY: Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

KORKOR: Maskini Mama.

LAMILEY: Maskini Mama. Na mimi? Mpaka leo Mama hajanitamkia neno, Korkor. Hata moja. Tunatumbua samaki pamoja, tunabebana maji, tunagombana kwa chumvi, lakini hilo halitaji. Wewe umeshika mimba, begi hilo mlangoni. Kumbe maneno alikuwa nayo. Alikuwa amekuwekea wewe.

KORKOR: Dada, sio—

LAMILEY: Ngoja. Mimi nilikaa kwenye kigoda kile mpaka uchungu ukanikuta nikiwa na koleo mkononi. Siku ya nane ya Dede, alfajiri, watu wamekuja na maji na mahindi, hakuna wa kumlaza chini. Mtoto yuko hospitali kwenye kisanduku cha kioo, mdogo kama kibua. Wako atatolewa nje siku yake. Mnene. Shingo imejikunja. Na nitashangilia, kwa sababu mimi ni mama yake mkubwa. (mkwaruzo) Haloo?

KORKOR: Nipo. Nakusikia. Na Tetteh hajaandika?

LAMILEY: Tetteh gani?

KORKOR: Mumeo.

LAMILEY: Tuzungumze waume wanaoonekana. Wako.

KORKOR: Okai? Ana nini Okai?

LAMILEY: Hana kitu. Mzima. Ananawiri.

KORKOR: Ananawiri vipi?

LAMILEY: Kama mtu anayekula vizuri.

KORKOR: Dada, sema jambo moja likamilike.

LAMILEY: Wewe ndiye mwenye mume, unaniuliza mimi? Wanaume wanakaa kwao, sisi kwetu. Ila jioni bakuli linapokwenda ua wa wanaume, kila jicho linalitazama. Bakuli la nani, limefunikwa na nini, limebebwa na nani. Mwenye mke huletewa na mkewe. Sasa mke yuko mlimani anakunywa maziwa.

KORKOR: Mama alisema atapanga. Alisema nisiwaze.

LAMILEY: Mama ana mambo mengi.

KORKOR: Kwa hiyo nani anampelekea?

LAMILEY: Mimi sitaki kugombanisha watu.

KORKOR: Nani?

LAMILEY: Unamjua Mansa? Yule wa mawese, wa nyumba yenye geti la kijani.

KORKOR: Mwenye mwanya.

LAMILEY: Huyo huyo. Nimemwona kwa macho yangu anaingia ua wa wanaume kichwani ana mzigo. Jioni. Amejipaka poda shingoni.

KORKOR: (kimya)

LAMILEY: Korkor?

KORKOR: Mara moja au mara nyingi?

LAMILEY: Mimi si mlinzi wa geti.

KORKOR: Na Okai akipiga simu anasema ameshiba. Kila siku. Namuuliza umekula, anasema nimekula, nimeshiba, lala. Mimi nashukuru. Kumbe nashukuru kibua cha Mansa.

LAMILEY: Mimi nimesema nilichokiona.

KORKOR: Najisugua miguu usiku kwa baridi, peke yangu, huku sina hata wa kuteta naye, Mama mdogo ananifungia madirisha kama mfungwa, naambiwa ni kwa ajili ya mtoto. Na baba wa mtoto analishwa na mwanya.

LAMILEY: Ndiyo maana nikasema nikupigie. Damu ni damu.

KORKOR: Kesho nashuka.

LAMILEY: Kesho?

KORKOR: Basi la asubuhi. Mama mdogo ataongea mpaka achoke. Homowo nitakula kwetu, na bakuli la mume wangu nitalibeba mwenyewe na tumbo langu mbele. Tuone nani ana mwanya.

LAMILEY: Haya. Sawa. Ukija utakuwa umefanya la maana.

KORKOR: Na Mama akinifokea?

LAMILEY: Mama akishakuona atanyamaza. Kazi nyingi, atafurahi mkono kuongezeka. Na wala hutabeba karai, usiogope. Kigoda chako nimeshakifuta. Nimekiweka pale pale, upande wa tanuri ya kati. Kinakungoja.

KORKOR: Kigoda kile cha mguu uliobanduka?

LAMILEY: Nimeugonga msumari. Hakiyumbi tena.

KORKOR: (anacheka kidogo) Unajua nilivyokuwa nakionea wivu kigoda kile?

LAMILEY: Wewe?

KORKOR: Mimi. Ulipokuwa na mimba ya Dede. Ulikuwa unakaa kama malkia, Mama anakuletea maji ya kunawa, anakufunika miguu inzi wasikutue. Mimi nimekwenda ufukweni na kurudi mpaka utosi unawaka moto, samaki wananivujia shingoni, napita mbele yako na karai, na wewe unageuza trei taratibu, umetulia. Nilikuwa naomba Mungu anipe mimba hata bila mume, nikalie kigoda hicho.

LAMILEY: Hukuniambia.

KORKOR: Ningekwambiaje? Nilikuwa nakununia tu. Siku moja nilikumwagia maji miguuni nikasema nimejikwaa.

LAMILEY: Nilijua hukujikwaa.

KORKOR: Nilidhani Mama anakupenda wewe. Nadhani kweli alikuwa anakupenda. Sehemu nzuri kuliko zote uani ndiyo aliyokupa. Hakuwa na nyingine. (mkwaruzo) Dada? Nini hicho?

LAMILEY: Nini?

KORKOR: Hicho kinachopiga mluzi. Kama mlango.

LAMILEY: Ni mtandao.

KORKOR: Mtandao haukohoi. Ni Dede?

LAMILEY: Anakohoa kidogo. Si unamjua.

KORKOR: Amelala?

LAMILEY: Hapana, ametulia. Hasumbui mtu. Amekaa zake.

KORKOR: Amekaa wapi?

LAMILEY: (kimya)

KORKOR: Dada? Amekaa wapi?

LAMILEY: (kimya, sauti ya hatua, kitu kinaanguka, mtoto anakohoa) —njoo. Njoo huku. Nimesema toka hapo. Nani alikwambia ukae hapo? Njoo kwa mama. Fumba mdomo, vuta kwa pua. Taratibu. Hivyo.

KORKOR: Lamiley? Kuna nini? Haloo?

LAMILEY: Ngoja.

KORKOR: Unanitisha.

LAMILEY: Ngoja, nimesema. Nampeleka upande wa barabara, upepo unavuma kwenda uani. (kimya) Haya. Haya mwanangu. Haya.

KORKOR: Alikuwa wapi?

LAMILEY: Kwenye kigoda. Alikiona kimefutwa, kimetengenezwa. Amekaa kama mtu mzima, mikono magotini, anatazama moto. Nilikuwa nimempa mgongo. Nazungumza na wewe.

KORKOR: Mpe maji.

LAMILEY: Anakunywa. Korkor, nataka nifanye kitu. Usiseme neno. Naiweka simu kifuani pake.

KORKOR: Sawa.

LAMILEY: (pumzi, mluzi mwembamba unaopanda na kushuka) Umeusikia?

KORKOR: Nimeusikia.

LAMILEY: Mimi nalala nao. Ukikatika naamka. Umeusikia vizuri?

KORKOR: Vizuri, dada.

LAMILEY: Basi usije.

KORKOR: Nini?

LAMILEY: Kesho usipande basi. Kaa huko. Funga madirisha, kunywa maziwa, jisugue miguu. Usije.

KORKOR: Na mume wangu?

LAMILEY: Mumeo hana kitu.

KORKOR: Umeniambia sasa hivi Mansa—

LAMILEY: Mansa hapeleki chochote. Alipita na dumu la mawese, watu wa Homowo wanahitaji mawese. Aliingia kwa kaka yake, akatoka.

KORKOR: Na poda?

LAMILEY: Poda kila mtu anapaka.

KORKOR: Umesema umemwona kwa macho yako.

LAMILEY: Nilimwona. Na dumu.

KORKOR: Lamiley, usinichezee. Ulinidanganya mwanzo ili nije, au unanidanganya sasa ili nisije? Chagua moja.

LAMILEY: Nenda kamuulize Okai.

KORKOR: Okai atasema ameshiba. Mimi nakuuliza wewe. Na usiponiambia ukweli kesho niko Teshie, potelea mbali, hata niingie tanurini. Nitakaa hapo hapo kwenye kigoda mpaka nimwone anayebeba bakuli la mume wangu.

LAMILEY: Hutakaa hapo.

KORKOR: Nitakaa.

LAMILEY: Korkor, nakuomba.

KORKOR: Nani anabeba bakuli?

LAMILEY: Mimi. (mlio mfupi: tiiti) Na salio ndilo hilo linalia.

KORKOR: Wewe.

LAMILEY: Mama alinipa kazi hiyo siku uliyoondoka. Kila jioni. Nanawa, navaa nguo safi, nabeba.

KORKOR: Nitaaminije? Dakika hii wewe, dakika ile Mansa.

LAMILEY: Nikuambie nini uamini?

KORKOR: Sijui. Kitu.

LAMILEY: Hali kichwa.

KORKOR: Nini?

LAMILEY: Kichwa cha samaki. Anakula kenkey yote, donge zima la mahindi, anakula samaki, pilipili anafuta kwa kidole, ila kichwa anakisogeza pembeni mwa bakuli. Siku za kwanza nikadhani hakikuiva. Nikamuuliza, shemeji, kichwa kina nini? Akacheka. Akasema ni mazoea, hicho huwa ni cha Korkor. Akasema akila yeye anahisi kama ameiba. Mpaka leo anakiacha. Miezi yote hii. Ananirudishia bakuli limefunikwa, na kichwa ndani.

KORKOR: Hajawahi kuniambia.

LAMILEY: Wanaume wasemeje hayo.

KORKOR: Na wewe unakifanya nini?

LAMILEY: Nakila. Njiani, nikirudi. Pale kwenye ukuta wa shule palipo na giza. Nasimama nakila chote, mpaka jicho, nafuta mkono. Halafu narudi nyumbani nawaambia nimeshiba. Mimi hakuna aliyewahi kuniachia kichwa, Korkor. Sasa umejua.

KORKOR: (kimya)

LAMILEY: Korkor? Unalia au ni mtandao?

KORKOR: Mtandao.

LAMILEY: Haya.

KORKOR: Dada, kuna neno Mama alisema siku ile akinipandisha basi. Sikujua kama ni langu kukuambia.

LAMILEY: Sema upesi, salio—

KORKOR: Aliniwekea begi miguuni akaniinamia. Akasema, nenda, mimi nimemuunguza mjukuu wangu kwa mkono uliokuwa unambembeleza mama yake, na huyo mama yake siwezi kumtazama machoni. Kisha akashuka.

LAMILEY: Alisema "kumbembeleza"?

KORKOR: Alisema hivyo.

LAMILEY: Haya. (mlio: tiiti) Kesho hupandi basi.

KORKOR: Sipandi. Ila wewe baada ya Homowo mlete Dede huku. Kitanda ni kipana. Mama mdogo ataongea mpaka achoke.

LAMILEY: Na trei atazigeuza nani?

KORKOR: Mama. Mwambie Korkor amesema. Mimi ndiye mwenye nyota, si ndivyo ulivyosema? Basi nyota imesema.

LAMILEY: (anacheka) Kinywa hicho nacho kimepona baridi.

KORKOR: Na kigoda? Usikiache pale.

LAMILEY: Sikiachi.

KORKOR: Usije ukakitia motoni ukatuongezea moshi.

LAMILEY: Jioni hii nikipeleka bakuli nakibeba na chenyewe. Okai akalie. Kila siku anakula amekalia nyavu, suruali inanuka.

KORKOR: Ua mzima utatazama.

LAMILEY: Watazame.

KORKOR: Na dada, kichwa cha leo—

LAMILEY: Nitamwambia ale mwenyewe. Au nikikaushe nikutumie kwa—

KORKOR: Hapana. Sikiliza. Kula wewe. Usile gizani, kula pale pale, akikuona. Mwambie mwenye kichwa amekitoa. Ila jicho moja uniach—

LAMILEY: Jicho moja nini? Korkor? (kimya) Haloo? (kimya) Salio limekwisha. Dede, mwanangu, usirudi huko uani. Kaa hapo hapo upande wa barabara. Mama anakuja na kigoda.